Kumpeleka Mama Hotelini

Mimi na hoteli za mji huu hatupatani, na sioni haya kusema. Nimezaliwa Amu, ndiyo Lamu kwa watu wa bara, nimekulia Amu, nafundisha watoto wa Amu, na bado nikiingia mkahawa wowote wa pale forodhani mhudumu ananipokea kwa Kiingereza. Nikimjibu kwa Kiswahili anatazama nyuma yangu, akidhani mgeni mwenyewe bado yuko njiani anakuja. Kisha analeta menyu. Menyu za hapa ni ndefu, zina picha, zimetiwa plastiki, na nusu ya vilivyoandikwa humo sijapata kuviona kwa macho yangu. Kamba wamekwisha. Kaa hajaletwa. Sharubati ya embe ipo, lakini stima imepotea. Kisichokosekana hata siku moja ni chipsi. Uko kisiwani, bahari imekuzunguka pande zote, na mtu anakuambia bila kupepesa kwamba kilichopo ni kuku na chipsi, na kuku mwenyewe katoka bara ndani ya barafu.

Ningekuwa na akili timamu ningekula kwangu, kama wanavyokula watu wa mji huu. Hoteli zetu ni za wageni, na za wafanyakazi wa bara wasio na wake wa kuwapikia. Mwanamke wa mji akionekana ameketi hotelini anakula, jioni majirani wataulizana nyumbani kwake kuna nini. Lakini mwaka huu nilikuwa na sababu ya kuvumilia menyu, stima na majirani. Mama yangu alikuwa ameacha kula.

Ilianza baba alipofariki. Mama akakaa eda, miezi ile yote ndani ya nyumba, na kila nyumba ya mtaa ikawa inaleta sinia. Sinia zilirudi tupu, nami nikajua anakula. Kumbe waliokuwa wakila ni wageni wa kumpa pole. Siku alipotoka eda akaoga, nikamletea leso mpya, nikamfunga kwa mikono yangu. Leso ilimzunguka ikabaki. Chini ya kitambaa nilishika mifupa, na nikaogopa sana.

Nikaanza kumpikia. Jiko nililiteka kabisa, sikutaka aguse hata mwiko. Nilimwambia, "Mama, umepika umri wako wote. Sasa keti uletewe." Nikamletea wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa mofa, kila kilichojulikana kuwa anakipenda. Alikuwa akimega kidogo, akilizungusha tonge kwenye vidole, akisema, "Tamu, mwanangu, Mungu akuweke," kisha akiosha mkono. Wali tamu, samaki tamu, kila kitu tamu, na sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Ilifika hadi nikalichukia lile neno tamu.

Nikampeleka hospitali. Daktari alimpima damu, mkojo, kifua, asione kitu. Akasema mama huyu hana ugonjwa ila njaa, na uzito ukizidi kushuka itabidi alazwe atiliwe maji ya mshipa. Mama aliposikia kulazwa alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Baba alilazwa mle, na alirudi nyumbani amebebwa.

Tulipokaribia mtaani akauachia mkono wangu. "Mimi mle siingii," akasema. "Bora nife kwangu."

Nikakaa nikafikiri, nikajiona nimepata jibu. Nyumba ndiyo inayomzuia. Kila nikimwekea chakula, macho yake yanakwenda pale ukutani penye mto wa kuegemea wa baba, mahali alipoketi miaka yote wakila wawili. Na baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu rahisi penye chakula. Sikumbuki alipopata kumeza tonge la kwanza bila kulalamika. Alikuwa akimega, akitafuna, akitulia, kisha akisema, "Munyu umepungua." Munyu ndiyo chumvi kwa maneno ya kwetu. Kesho yake munyu umezidi. Mama alikuwa akitoka jikoni na kikombe cha maji mkononi, akiinama, akichota upande wa baba, akionja. "Haukupungua." "Onja tena." "Nimeonja, haukupungua." Wali huo, mchuzi huo, wanabishana mpaka sinia inabaki tupu. Nilipokuwa msichana niliapa sitaolewa na mwanamume anayezungumza habari za chumvi. Nikaolewa na asiyezungumza kabisa, nikarudi kwetu.

Kwa hiyo nilijiambia, mama wa watu amelishwa ugomvi umri wake wote, acha ale mara moja kwa amani. Nimtoe. Nimketishe mahali pasipo na ule mto, pasipo na kelele za munyu, ahudumiwe kama Bi mkubwa.

Mara ya kwanza nilimpeleka forodhani, baada ya sala ya alasiri, na kosa langu likawa kuchagua meza ya nje ili apate upepo. Nilisahau adabu zetu wenyewe. Kwetu mtu akila na mwenzake akapita, hana budi kumkaribisha, naye apitaye hujibu "Bismillah" na kwenda zake. Hakuna anayekusudia kula cha mwenzake. Ndani ya nyumba jambo hili halisumbui, mlango umefungwa. Forodhani hupita mji mzima.

Samaki alikuja baada ya kumsubiri hadi nikaanza kuwachukia watu wa meza jirani waliotukuta na wakahudumiwa kabla yetu. Alikuwa changu mzuri, nakiri, na tui limemkolea. Mama akanyoosha mkono. Akapita mwanamke tunayemjua. "Karibu." "Bismillah, Bi. Pole na msiba." Mkono ukarudi. Wakasomeana Fatiha, viganja juu. Mama akanyoosha mkono tena. Akapita mwalimu wa madrasa. "Karibu, Mwalimu." Pole, dua, viganja juu. Nusu ya Amu ilikuwa haijamwona tangu aingie eda, na nusu hiyo yote iliamua kupita jioni ile. Samaki akapoa, tui likaganda ukingoni mwa sahani. Nikamwita mhudumu nikamwomba meza ya ndani. Akaniambia ndani pamewekewa kundi la wageni. Nikachungulia. Viti vitupu, na paka mmoja juu ya kimoja.

"Wageni wenyewe wako wapi?"

"Wako uwanja wa ndege Manda bado, madam, ndege ilichelewa kutua."

Nikiwa nabishana naye, akatokea Bwana mmoja mzee, aliyekuwa akisali safu moja na baba. Mama akamwambia, "Karibu, Bwana," kama alivyowaambia wengine wote. Na huyu Bwana, mtu mzima, mzawa wa mji huu, aliyekaribishwa namna hiyo tangu utoto wake, akavuta kiti akaketi.

Sijapata kuona. Akasema Bismillah kweli na akatia mkono kweli. Mama akamsogezea sahani. Mimi nikainuka kwenda jikoni kudai samaki wa pili, na jikoni nikaambiwa yule alikuwa wa mwisho, lakini chipsi zipo. Maneno niliyoyasema pale siyaandiki. Niliporudi mezani, yule changu alikuwa kichwa na miiba, na yule Bwana ananawa.

"Samaki mwema," akaniambia, "ila munyu umepungua."

"Haukupungua, Bwana," mama akasema. "Mimi nimeuonja."

Vidole vya mama vilikuwa vinang'aa tui. Niliviona, lakini hasira zilikuwa zimenijaa, nikavitazama nisivifikirie. Usiku kucha nilimlaani moyoni yule mzee aliyemnyang'anya mama yangu samaki.

Nikasema basi, tatizo ni wapita njia. Tutafute mahali pa juu. Shela, kijiji cha jirani, kuna hoteli yenye mgahawa darini, na mwanafunzi wangu wa zamani ni mpokea wageni pale, akatufanyia mpango. Tulikwenda na boti ya mashine, mama ameshika buibui lake kwa mikono yote miwili, tukapanda ngazi ambazo nilidhani hazitakwisha. Huko juu palikuwa na mito, taa ndogo za vioo, na kaunta ya chupa. Hilo la chupa mwanafunzi wangu hakulitaja.

Mhudumu alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye shati jeupe. Alituletea maji yenye vipande vya ndimu. Mama akaitazama gilasi kwenye mwanga.

"Mwanangu," akamwuliza, "gilasi hizi zaoshwa pamoya na za pombe?"

Yule kijana angeweza kusema uongo, nami nilikuwa namkonyeza aseme. Lakini alilelewa vizuri. "Ndiyo mama, ni mashine moja," akasema.

Mama akaiweka gilasi chini taratibu, akaisukuma kando. Nikaomba chupa ya maji iliyofungwa. Ikaja. Ikaja na sahani, kubwa na nyeupe, na katikati yake kipande cha samaki cha kutosha mtoto anayeachishwa ziwa, kimezungushiwa mstari wa mchuzi.

"Na chakula chenyewe?" mama akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndicho hiki, mama."

"Na sahani pia zaoshwa mle?"

Nikamsogezea ile chupa ya maji. Mezani kwa jirani walikaa mume na mke wa Kizungu, kila mmoja na simu yake, wanakula bila kusemezana neno. Mama aliwatazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mhudumu akaja akatuuliza kama kila kitu kiko sawa, nikamwambia sawa. Akaja tena akauliza vilevile. Nikamwambia sawa, kwa meno. Wale Wazungu walipoulizwa nao wakasema sawa, sawa kabisa. Hakuna aliyekuwa na neno juu ya chakula kile isipokuwa kukisifu. Mama akasema, "Tamu," na alikuwa hajakionja.

Katika boti ya kurudi nilikuwa karibu kulia. Nilimwambia mama kwa ukali, "Wataka nini? Niambie wataka nini nikufanyie."

"Siyui, mwanangu," akasema. Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana ningejua anakataa kusudi ningegombana naye.

Uzito ulizidi kushuka. Tuliporudi kwa daktari alitazama mizani, akaandika, akasema tuje wiki ijayo na mkoba wa nguo. Mama akatoka nje mbele yangu, amenyooka, haniangalii. Hatujafika mbali mvua ikashuka, ile ya kumwagwa kwa ndoo, na penye kujisitiri palikuwa mahali pamoja tu, banda la mabati ambalo mwanamke wa bara anapikia wafanyakazi. Nimelipita mara nyingi nikienda hospitali, na sikuwahi kufikiri nitaingia. Watu wa mji hawali pale. Ni mahali pa polisi, mafundi wa ujenzi na walimu wageni, mabenchi ya mbao na sufuria kubwa kuliko mlango. Ukutani kwa chaki palikuwa pameandikwa ugali, sukuma, maharagwe, chapati, na vyote vilikuwepo.

"Karibuni, akina mama, ingieni msilowe," mwenye hoteli akasema bila kugeuka, chapati ikiwa inageuzwa kwenye karai. Nikaagiza chai mbili. Chakula sikuagiza, nilikuwa nimechoka na habari ya chakula. Tukaketi benchi la mwisho, na mbele yetu alikuwa polisi kijana, koti limelowa, anakula maharagwe na ugali. Alichukua kijiko, akatafuna, akatulia.

"Mathe," akamwita mwenye hoteli, "hii maharagwe leo haina chumvi."

"Chumvi iko hapo kwa meza."

"Si ungeweka kwa sufuria tu."

Nilimwona mama akiinua kichwa.

"Yana munyu hayo," akasema.

Polisi akageuka. Hata mwenye hoteli akageuka. Mama yangu, mjane aliyetoka eda juzi, mwanamke ambaye maisha yake yote hakupata kuketi meza moja na mwanamume asiye wake isipokuwa yule Bwana wa forodhani, alikuwa anamtazama askari usoni.

"Ati mama?"

"Nasema yana munyu. Waonaye rangi yake? Mtu hapiki maharagwe rangi hiyo asitie munyu."

"Mama, mimi ndio nakula."

"Hebu."

Akaunyoosha mkono wake, ule uliolizungusha tonge miezi yote, akamega ugali kwenye sahani ya askari, akachovya, akatia mdomoni. Nilitamani benchi linimeze. Akatafuna, akameza.

"Yana munyu," akasema. "Onja tena."

Yule kijana angeweza kukasirika. Labda alikuwa na mama yake mahali. Akaonja. "Bado, mama."

"Onja tena. Onja na upande huu." Akamega mwenyewe kumwonyesha upande upi. Mwenye hoteli akaacha karai, akaja na kisahani kingine cha maharagwe yaliyochotwa chini kabisa ya sufuria, kwa kuwa sasa ilikuwa ni heshima yake iliyojadiliwa, akakiweka mbele ya mama na ugali wa moto pembeni. Mama akaonja kile akakilinganisha na cha askari. Cha chini kimekolea zaidi. Askari akaomba aonje naye. Fundi mmoja wa benchi la pili akasema kwake yamezidi, akaambiwa alete sahani. Wakaendelea hivyo, mvua inapiga mabati, wanasemezana kwa kupaza sauti ili wasikizane, na mama yangu anakula. Alikuwa anakula hasa, anafuta sahani kwa ugali, anataka sukuma aone nayo imetiwaje.

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, sijanywa. Niliviona tena vile vidole vyenye tui pale forodhani. Nikamwona baba na tonge lake la kwanza, na mama anakuja kutoka jikoni na kikombe cha maji, anainama kuonja kumkosoa, anaonja tena, anaonja tena. Nilikuwa nimesikia ugomvi ule umri wangu wote, na sikuwahi kujiuliza mama hula saa ngapi. Kisha nikakasirika, nakiri. Miezi yote ile nilikuwa natia chumvi kwa uangalifu kama mpima dhahabu, nimteremshie mama yangu chakula kisicho na ila, na ila ndiyo aliyokuwa anaikosa.

Mvua ilipokatika, askari akasimama, akavaa kofia. "Sawa mama, umenishinda. Iko chumvi."

"Nenda salama, mwanangu. Koti lako lianike."

Tukatoka. Njia nzima ilikuwa matope, na nilimshika mkono ili asiteleze. Tulipofika penye kona ya kwetu akanikaribia, akaninong'oneza kana kwamba ukuta una masikio.

"Kwa haki, munyu ulikuwa umepungua."

Nikasimama. "Basi mbona ulibishana naye?"

Akanitazama kama anavyowatazama watoto wanaouliza mambo ya wazi. "Hata babako siku nyingine alikuwa na haki," akasema, akatangulia.

Siku ya pili nilimrudishia jiko lake. Nilimwambia nimechoka kupika, na huo haukuwa uongo. Akapika wali na mchuzi wa samaki, sufuria zikagongana kama zamani. Mimi nikaingia ndani, nikausogeza ule mto wa ukutani, nikaketi pale. Alipotoka na sinia aliniona nilipoketi, akasita mlangoni. Nilidhani ataniambia niondoke. Akaja akaiweka sinia mbele yangu, akarudi jikoni.

Nikamega. Ulikuwa wali bora niliokula mwaka ule, na mchuzi wake ulikuwa umekaa sawasawa, hauna pungufu wala ziada. Nikameza.

"Mama," nikamwita. "Munyu umezidi."

 Nikasikia kata ya maji ikiwekwa chini, na akatoka na kikombe cha maji mkononi.

"Haukuzidi," akasema, akiinama kuchota upande wangu.

"Onja tena," nikamwambia.